Mvinyo wa Texas: jina ni moja, zabibu ni za wapi?

Mnunuzi anayeingia katika duka la vinywaji mjini Dallas, Fort Worth au Houston na kuchukua chupa ya mvinyo iliyoandikwa jina la Texas huamini kwamba amenunua zabibu za Texas. Sheria inamuunga mkono kwa sehemu tu. Robo ya kilichomo ndani ya chupa hiyo inaweza kutoka jimbo jingine, na jina la Texas likabaki kwenye lebo bila kosa lolote kutendeka.

Suala hilo limewagawa wakulima na wenye viwanda vya mvinyo wa Texas kwa miaka mingi. Kwa mtazamaji wa mbali huenda likaonekana kuwa ni ugomvi wa lebo na asilimia. Kwa mkulima ambaye mavuno yake hukosa mnunuzi wakati zabibu za California zinapoingia kwa bei nafuu, ni suala la riziki yake.

Kinachoupa mjadala huo uzito wa pekee ni historia. Zaidi ya miaka 130 iliyopita, mizizi ya mizabibu ya mwituni ya Texas ilisaidia kuliokoa eneo la Cognac nchini Ufaransa lisiangamie. Cognac ilipona, kisha ikalizungushia jina lake uzio wa sheria. Texas iliyotoa mizizi hiyo bado inajadili jina lake lina maana gani.

Sheria ya mwaka 2021

Mwezi Juni mwaka 2021 Gavana wa Texas, Greg Abbott, alitia saini sheria inayojulikana kwa namba HB 1957, ambayo ilianza kutumika tarehe 1 Septemba mwaka huo.

Sheria hiyo inasema kwamba chupa inayotaja kaunti, shamba fulani, au eneo rasmi la kilimo cha mizabibu lililomo Texas, lazima iwe na zabibu za Texas kwa asilimia 100. Viwango vya serikali ya shirikisho vilibaki palepale: angalau asilimia 75 ya zabibu zitoke katika kaunti iliyotajwa, asilimia 85 katika eneo rasmi, na asilimia 95 katika shamba lenye jina. Kilichobadilika ni kwamba sehemu inayosalia haiwezi tena kutoka nje ya jimbo.

Hata hivyo, chupa inayotaja neno Texas peke yake iliachwa kwenye kiwango cha shirikisho, yaani asilimia 75.

Matokeo yake ni hali isiyo ya kawaida. Kadiri jina lililo kwenye lebo linavyokuwa la mahali padogo, ndivyo mnunuzi anavyokuwa na uhakika zaidi. Jina kubwa kuliko yote, ambalo kila mkazi wa Houston au Dallas analijua na kulionea fahari, ndilo lenye uhakika mdogo.

Majimbo mengine yalichagua njia tofauti. California inataka mvinyo wenye jina lake uwe wa zabibu za California kwa asilimia 100, na Oregon inataka asilimia 95. Mwaka 2017 mswada wa kuifikisha Texas kwenye asilimia 100 uliwasilishwa katika Bunge la jimbo, lakini ulikwama. Sheria ya mwaka 2021 ilikuwa ni mapatano baina ya kambi mbili ambazo hakuna iliyokuwa na nguvu za kuishinda nyingine.

Mizizi iliyotoka Denison

Ili kuuelewa mfano wa Ufaransa ambao watetezi wa asilimia 100 huutaja mara kwa mara, inafaa kurudi katika mji wa Denison, ulioko kiasi cha kilomita 120 kaskazini mwa Dallas, karibu na Mto Red.

Hapo ndipo alipohamia mwaka 1876 Thomas Volney Munson, mtaalamu wa mimea aliyezaliwa Illinois mwaka 1843. Munson alisafiri sehemu nyingi za nchi akikusanya mizabibu ya mwituni, na kwa kuichanganya akazalisha aina mpya zaidi ya 300.

Wakati huohuo mashamba ya Ufaransa yalikuwa yakifa. Mdudu mdogo wa jamii ya vidukari, aitwaye filoksera, alikuwa amevushwa bahari kutoka Marekani pamoja na miche, na tangu miaka ya 1860 alikuwa akishambulia mizizi ya mizabibu ya Ulaya, ambayo haikuwa na kinga dhidi yake. Katika eneo la Cognac mizabibu ilikuwa imetanda kwenye hekta zipatazo 280,000 kabla ya janga hilo. Kufikia mwaka 1893 zilikuwa zimesalia hekta 40,000 na kidogo.

Dawa ilikwishajulikana: kuchukua shina la mzabibu wa Kimarekani lenye mizizi inayomstahimili mdudu huyo, na kulibebesha kikonyo cha mzabibu wa Kifaransa. Wataalamu wengi wa pande zote mbili za Atlantiki walichangia ugunduzi huo. Lakini udongo wa Cognac umejaa chokaa, na mashina mengi yaliyoletwa kutoka Marekani yalidhoofika humo, majani yakageuka manjano.

Mwaka 1887 serikali ya Ufaransa ilimtuma Marekani mtaalamu wake, Pierre Viala, kutafuta mizabibu inayostawi penye chokaa. Viala alikutana na Munson, na utafutaji huo ukaelekezwa kwenye vilima vya chokaa vya Texas ya kati, ambako mzabibu wa mwituni uitwao Berlandieri huota wenyewe. Berlandieri haushiki mizizi kwa urahisi unapopandwa kwa kipande cha tawi, hivyo Wafaransa waliuchanganya na mizabibu mingine. Mashina yenye asili hiyo yanatumika hadi leo katika mashamba ya Cognac.

Mwaka 1888 Ufaransa ilimtunuku Munson nishani ya Mérite Agricole, na miji ya Denison na Cognac baadaye ikafunga udugu rasmi. Munson alifariki dunia mwaka 1913.

Uzio wa Cognac

Baada ya kupona, wakulima wa Cognac walikabiliwa na hatari nyingine. Miaka ya upungufu ilikuwa imefungua mlango kwa wafanyabiashara kuuza pombe za kila aina kwa jina la Cognac. Wenyeji walitambua kwamba shamba lililookolewa halina faida kubwa ikiwa jina lake linaweza kuchukuliwa na yeyote.

Tarehe 1 Mei mwaka 1909 serikali ya Ufaransa ilitoa amri iliyochora mipaka ya eneo la Cognac. Mwaka 1936 likapewa hadhi ya jina la asili linalolindwa, ambayo Wafaransa huiita kwa kifupi AOC, na mwaka 1938 mipaka ya sehemu zake sita za ndani ikathibitishwa, kuanzia Grande Champagne hadi Bois Ordinaires.

Mipaka hiyo ni mwanzo tu wa masharti. Karibu zabibu zote zinazotumika ni za aina moja, Ugni blanc. Mavuno yanayoruhusiwa kwa kila hekta huwekewa kikomo. Mvinyo hukenekwa mara mbili katika mitambo ya shaba yenye umbo maalumu, na kazi hiyo lazima ikamilike ifikapo tarehe 31 Machi inayofuata mavuno. Kinywaji kinachopatikana hukaa katika mapipa ya mwaloni kwa muda usiopungua miaka miwili kabla ya kuuzwa. Chupa yenye herufi VSOP haiwezi kuwa na kinywaji cha chini ya miaka minne, na tangu mwaka 2018 yenye herufi XO haiwezi kuwa na cha chini ya miaka kumi.

Anayevunja sharti lolote kati ya hayo anaweza kuendelea kutengeneza pombe yake, lakini haruhusiwi kuiita konyaki. Adhabu kuu, kwa maneno mengine, ni kunyang'anywa jina, na katika biashara hiyo jina ndilo mtaji.

Ramani bila masharti

Mfumo wa Marekani umejengwa juu ya fikra tofauti. Tangu mwaka 1980, wakati mji wa Augusta katika jimbo la Missouri ulipopata hadhi hiyo kabla ya mwingine wowote, serikali ya shirikisho imekuwa ikitambua maeneo rasmi ya kilimo cha mizabibu, yanayojulikana kwa kifupi AVA. Serikali huchora mpaka kwa kuzingatia hali ya hewa, udongo na mwinuko. Baada ya hapo haimwambii mkulima apande aina gani, avune kiasi gani wala autunze mvinyo wake kwa muda gani.

Eneo la Texoma, lililoko kaskazini mwa Dallas kando ya Mto Red, lilitambuliwa mwaka 2005, na Denison alikoishi Munson ni sehemu yake. Mkulima wa Texoma anaweza kupanda aina yoyote ya mzabibu inayompendeza. Mwenzake wa Cognac hana uhuru huo.

Wenye viwanda vingi wa Texas wanauthamini uhuru huo, na hoja zao si za kupuuzwa. Kilimo cha zabibu cha Texas bado ni kichanga na kinatafuta mimea inayokifaa. Kuwafungia wakulima aina moja au mbili mapema kungekuwa ni kuwazuia wasijifunze.

Hali ya hewa nayo haina huruma. Sehemu kubwa ya zabibu za jimbo hilo, zaidi ya robo tatu, hulimwa katika nyanda za juu zinazozunguka mji wa Lubbock, kwenye mwinuko wa mita 900 hadi 1,200 hivi. Huko sakitu ya majira ya kuchipua na mvua ya mawe vinaweza kuangamiza mavuno kwa usiku mmoja. Mwezi Februari mwaka 2021 dhoruba ya baridi kali iliyozima umeme katika sehemu kubwa ya Texas iliathiri mizabibu pia.

Kwa mwenye kiwanda, ruhusa ya kununua robo ya zabibu nje ya jimbo ni kama ghala la akiba. Mwaka wa neema hailazimiki kutumika. Mwaka wa maafa huwaweka wafanyakazi kazini na kulihifadhi jina la kiwanda madukani.

Upande wa mkulima

Wakulima wanaopinga wana jibu. Wanasema akiba hiyo haitumiki wakati wa maafa pekee. Zabibu au mvinyo wa kununua kwa jumla kutoka California unapokuwa na bei ya chini kuliko ya Lubbock, mwenye kiwanda ana sababu ya kuununua hata katika mwaka ambao mavuno ya nyumbani ni mazuri. Mkulima aliyepanda mizabibu na kusubiri miaka mitatu au zaidi kabla ya mavuno ya maana hubaki na zabibu zisizo na soko, huku jina la jimbo lake likiuza zabibu za mwingine.

Jiografia inaukuza mvutano huo. Wanywaji wako Dallas, Fort Worth, Houston, Austin na San Antonio. Watalii humiminika kwenye viwanda vya vilima vya Fredericksburg. Mashamba makubwa yako Lubbock, zaidi ya kilomita 500 kutoka Dallas na zaidi ya 800 kutoka Houston. Mnunuzi na mkulima hawaonani, na kati yao kuna lebo peke yake. Hata mji wa Grapevine, ulio kando ya uwanja wa ndege wa Dallas–Fort Worth na ambao ulipewa jina kwa ajili ya zabibu za mwituni, unajulikana leo zaidi kwa tamasha lake la mvinyo na kumbi za kuonja kuliko kwa mashamba.

Wakulima hao wa nyanda za juu wamebeba pia hatari nyingine. Mwezi Juni mwaka 2021, wakulima 57 walizishtaki kampuni za Bayer na BASF, wakidai kwamba dawa ya magugu ya dikamba inayotumika katika mashamba ya pamba ilipeperuka na kuharibu mizabibu yao. Kampuni hizo zilikanusha madai hayo. Bila kujali nani ana haki katika kesi hiyo, inaonyesha kwamba anayebeba hatari ya shamba ni mkulima, wakati faida ya jina la Texas inagawanywa na wengi.

Waswahili husema mgema akisifiwa tembo hulitia maji. Mvinyo wa Texas ulisifiwa kwa sababu ya zabibu zilizotoka katika mashamba hayo. Wakulima wanahofia kwamba sifa ikishakuwa kubwa, kishawishi cha kuongeza maji kitakuwa kikubwa pia.

Houston na jina la Madeira

Upande wa Houston kuna funzo jingine. Katika pwani ya Ghuba ya Mexico joto na unyevunyevu hustawisha ugonjwa wa Pierce, unaosababishwa na bakteria na kuiua mizabibu ya asili ya Ulaya. Wakulima wa huko hutegemea aina zinazostahimili, kama vile Blanc du Bois, iliyozalishwa Florida. Sheria ya mtindo wa Kifaransa iliyoandikwa kwa kuwafikiria wakulima wa Lubbock ingeweza kuwafungia mlango wakulima wa pwani hiyo.

Kwa upande mwingine, pwani hiyohiyo imeonyesha jinsi jina la mahali linavyoweza kuhama. Kiwanda cha Haak, kilichoko Santa Fe kati ya Houston na Galveston, kimekuwa kikitengeneza mvinyo unaoitwa Madeira, jina la kisiwa cha Ureno. Mwezi Machi mwaka 2006 Marekani na Umoja wa Ulaya zilitia saini makubaliano yaliyozuia matumizi mapya ya majina kama Champagne, Chablis, Port na Madeira kwa mvinyo usiotoka huko, lakini waliokuwa na kibali kabla ya tarehe 10 ya mwezi huo waliruhusiwa kuendelea.

Ulaya ililazimika kukubali kwamba jina likishazoeleka mikononi mwa wengine, kulirudisha nyumbani ni kazi ngumu. Hilo ndilo onyo kwa Texas: jina hulindwa kwa urahisi zaidi kabla ya watu wengi kujenga maisha yao juu ya matumizi yake mapana.

Uzio una gharama zake

Haitakuwa haki kuuchukua mfano wa Cognac kama dawa ya kila kitu. Jina lililofungwa kwenye ardhi moja haliwezi kuhamia penye nafuu, na aliyefungwa nalo huanguka nalo.

Mwezi Julai mwaka 2025 China, katika mvutano wake wa kibiashara na Umoja wa Ulaya, iliweka ushuru wa hadi asilimia 34.9 kwa brandi za Ulaya, na konyaki ndiyo iliyolengwa hasa. Mwaka huohuo ushuru mpya wa Marekani uliigusa biashara ya vinywaji vya Ufaransa katika soko lake kubwa la ng'ambo. Mkulima wa Cognac aliyebanwa na masharti ya aina ya zabibu na matumizi yake hakuwa na njia nyepesi ya kugeukia zao jingine.

Hata hivyo, hasara hiyo inathibitisha thamani ya jina. China isingelichagua konyaki kama lingekuwa ni neno ambalo yeyote anaweza kulitumia popote. Aliyetaka kuibana Ufaransa alijua wapi pa kushika.

Kutoka Texas hadi Dodoma

Mjadala wa Texas si mgeni kwa Afrika Mashariki. Zabibu za Dodoma, zinazovunwa mara mbili kwa mwaka, ni miongoni mwa mazao yanayoutambulisha mkoa huo wa katikati ya Tanzania, na wakulima wake wamelalamika mara nyingi kuhusu soko.

Sheria ya ushuru wa bidhaa ya Tanzania imekuwa ikitoza kiwango kidogo zaidi kwa mvinyo wenye zabibu za nchini zinazozidi asilimia 75. Kwa bahati, ni asilimia ileile inayobishaniwa Texas. Tofauti ni kwamba Tanzania imeifungamanisha na kodi, hivyo mtengenezaji ana sababu ya kifedha ya kumtafuta mkulima wa nyumbani. Texas imeifungamanisha na lebo, na kumwachia mnunuzi kazi ya kujua maana yake.

Msomaji wa Tanzania atakumbuka pia kwamba pombe mashuhuri iitwayo Konyagi haitokani na zabibu wala haina uhusiano na mji wa Cognac. Neno lilisafiri, maana ikabaki nyuma.

Kilichobaki mezani

Bunge la Texas hukutana kwa kikao cha kawaida katika miaka ya witiri, na suala la neno Texas kwenye lebo linaweza kurejeshwa humo wakati wowote. Watakaolirejesha watapaswa kujibu maswali mawili: je, mashamba ya jimbo hilo yanaweza kutosheleza mahitaji katika mwaka mbaya, na je, kunaweza kuwekwa ruhusa ya muda kwa mwaka wa maafa bila kuifanya kuwa desturi ya kila mwaka?

Ruhusa ya namna hiyo, inayotolewa na mamlaka baada ya hasara kuthibitishwa na kuonyeshwa wazi kwenye chupa, ingejibu hofu ya wenye viwanda bila kuwaacha wakulima washindane na bei ya California kila msimu. Ni njia ya kati baina ya ukali wa Cognac na ulegevu wa sasa.

Mizizi ya Texas ilipofika Cognac haikupewa jina kwenye chupa yoyote. Wafaransa walichukua mizizi na kulilinda jina, na vizazi vya wakulima wao vimeishi kwa uamuzi huo. Wakulima wa Lubbock, Texoma na pwani ya Houston wanaomba kidogo kuliko hicho: kwamba neno Texas likiandikwa kwenye chupa, liwe na maana ya zabibu walizozilima wao.